Logibuku ya Babu na dakika 10 zilizozidi

12 Januari

Sanduku limefika Nakuru. Baba Mdogo amelisafirisha kutoka Maragoli juu ya keria ya matatu, limefungwa turubai na kamba ya katani, na kondakta akalitoza nauli ya mtu mzima. Ni lile sanduku la bati la kijani lililokuwa chini ya kitanda cha Babu tangu sijazaliwa. Utotoni tulilikalia tukila mahindi ya kuchoma. Hatukuwahi kulifungua.

Nimelifungulia mezani. Logibuku mbili, yaani madaftari ambamo rubani huandika safari zake, zenye jalada gumu la buluu, picha 19, glavu za ngozi laini zilizokauka kama omena, kofia moja, kitabu chembamba cha mwongozo, na bahasha ya barua ambazo Nyanya amesema nisizisome kabla ya kumwuliza. Harufu ya kuvu imejaa chumba kizima. Pembe ya logibuku ya kwanza imeliwa na mchwa, na katikati yake kurasa mbili zimegandana kwa maji yaliyoingia sijui masika ya mwaka gani.

Kazi yenyewe ni hii. Agosti tutafanya kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu tumzike Babu, kule Mbale. Kikao cha familia kimeamua pachapishwe kijitabu cha kurasa 24: rubani wa jeshi la anga, kisha mwalimu wa marubani. Nimetwikwa mimi kwa sababu ni karani wa hesabu kwenye sacco, na machoni pa Baba Mdogo logibuku ya rubani ni daftari la hesabu kama daftari lingine. Hajakosea sana. Nitapiga picha kila ukurasa, niingize kila safari kwenye lahajedwali, nipate jumla ya saa alizokaa angani. Jumla hiyo ndiyo itakaa kwenye jalada kwa tarakimu kubwa.

19 Januari

Kurasa 30 zimepigwa picha. Nilijaribu kulaza ukurasa kwa kioo cha fremu, kikaakisi dirisha lote pamoja na uso wangu. Sasa natumia vipande viwili vya mbao na mawe mawili ya mto, saa nne asubuhi, kabla jua la Nakuru halijawa kali. Simu inashikwa na binamu yangu kwa sababu mkono wangu hutetemeka.

Kila mstari ni safari moja. Mwaka, mwezi, tarehe, aina ya ndege na namba yake, rubani mkuu, rubani wa pili au mwanafunzi, kazi iliyofanywa, kisha vijisanduku vya muda. Safari za mchana ni wino wa buluu, za usiku wino mwekundu. Chini ya ukurasa kuna jumla, na juu ya ukurasa unaofuata jumla hiyohiyo imehamishwa. Kila mwisho wa mwezi kuna muhuri wenye jumla ya mwezi huo, na sahihi ya mkubwa wake. Mtu wa sacco akiona hivyo roho inatulia: hesabu ileile imefanywa kwa njia mbili, na mkubwa ametia mkono.

Mstari wa kwanza ni wa 1966, Eastleigh, kambi ya jeshi la anga Nairobi, ndege Chipmunk, dakika 30. Jeshi la anga la Kenya lilikuwa bado changa, limezaliwa tarehe 1 Juni 1964, na walimu walikuwa Waingereza wa RAF, jeshi lao la anga. Babu yuko kwenye safu ya mwanafunzi. Chipmunk ina viti viwili vinavyofuatana, mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma. Kwa hiyo Babu alifundishwa kuruka na mtu asiyemwona, sauti tu masikioni. Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka nilipoona picha moja ya sandukuni: kijana mwembamba kiti cha mbele, na nyuma yake miwani na masharubu.

2 Februari

Kuanzia 1967 hadi 1969 ni Beaver mtupu. Garissa, Wajir, Mandera, Wajir, Garissa. Hiyo ni miaka ya vita vya shifta na mkia wake, na Beaver ilikuwa ndege ya kubeba vitu na kutua popote penye ardhi ngumu. Safu ya kazi inasomeka kama orodha ya duka: barua, unga, mgonjwa mmoja, tairi, barua. Mahali pamoja ameandika "ngamia njiani" na dakika 15 za kuzunguka akingoja. Hapo nilicheka peke yangu.

Sasa tatizo. Kwenye mazishi tulisoma mbele ya halaiki kwamba Babu alirusha ndege za kivita za F-5. Nimepekua logibuku zote mbili, hakuna F-5 hata dakika moja. Ndege hizo zilianza kufika nchini 1978, na 1978 yote Babu yuko kwenye Bulldog, ndege ya kufundishia, mara nne kwa siku, mara tano. Jeti pekee aliyoigusa ni Strikemaster, saa 11 na dakika 20, basi.

Nimempigia Baba Mdogo, kwa sababu ndiye aliyeandika wasifu ule.

"Sasa tuwaambie watu tulidanganya?"

"Tuwaambie tulikosea."

"Na nilishapata picha nzuri ya F-5 ya kuweka kwenye jalada. Hiyo Bulldog yenu umeiona? Inafanana na Volkswagen."

Nimeiona. Ni kweli inafanana na Volkswagen. Injini moja, nguvu farasi 200, magurudumu yasiyokunjwa, kifuniko cha kioo kinachotelezeshwa nyuma. Viti viko sambamba, mwanafunzi kushoto, mwalimu kulia. Ilitengenezwa Prestwick, Scotland, na Kenya ilianza kuitumia kufundishia 1972. Babu alikaa kwenye kiti kile cha kulia miaka 10.

Picha ya F-5 haiingii. Baba Mdogo amekata simu bila kuaga, jambo ambalo si desturi yake.

16 Februari

Nilikwama wiki nzima. Kuanzia 1972 safu ya kazi haina tena majina ya miji. Ni namba tu. "4, 6." "7, 8." "9, 10." "12, 13." "12, 13." "12, 13." Ukurasa baada ya ukurasa. Mtu aliyekuwa anafika Mandera sasa anapaa Eastleigh na kutua Eastleigh, kutwa.

Kile kitabu chembamba cha mwongozo ndicho kilichonitoa gizani. Ni mazoezi ya mtaala wa urubani, na mpangilio wake ni uleule wa Waingereza. La 4 ni kuonja usukani: ukisukuma hiki kinatokea nini, ukikanyaga kile kinatokea nini. La 6 ni kwenda moja kwa moja bila kupanda wala kushuka, na mwongozo unaonya kwamba ni gumu kuliko linavyosikika. La 7 kupanda, la 8 kushuka, la 9 kugeuka. La 10 ni kupunguza mwendo mpaka bawa liache kushika hewa, pua idondoke, halafu ujifunze kulirudishia hewa yake. La 11 ni pale ndege inapoanguka ikizunguka kama pia. La 12 kupaa, la 13 kuja kutua. La 14 ni mwanafunzi kuruka peke yake kwa mara ya kwanza.

Bahasha iliyobanwa ndani ya mwongozo ina cheti cha Little Rissington, Uingereza, kilikokuwa chuo cha walimu wa urubani wa RAF. Amepita daraja la B2, ambalo ndilo daraja la chini, la mwalimu anayeanza. Ngazi inapanda B1, A2, A1. Muhuri wa 1977 unaonyesha A2.

Ngoja niandike na hili kabla halijanitoka. Babu alinifundisha kuendesha gari nikiwa na miaka 17, Peugeot 504, barabara ya vumbi kule Lanet nyuma ya mashamba. Alikaa mikono imelala magotini, viganja juu, kama mtu anayengoja kuwekewa kitu. Hakushika breki ya mkono hata nilipoelekea mtaroni. Alisema tu, kwa sauti ya kuomba chumvi, "Nimechukua." Nami nilipaswa kujibu "Umechukua" na kuachia usukani kabisa, siyo nusu. Aliirudisha gari katikati, akasema "Chukua," nikasema "Nimechukua," tukaendelea. Nyumbani kwetu lugha hiyo ilitumika kwa kila kitu. Nyanya akimpa mtu sufuria ya moto, haachii mpaka asikie "nimechukua". Mtoto mchanga vivyo hivyo. Nilidhani ni Kimaragoli cha kutafsiri. Kumbe ni taratibu ya ndani ya ndege yenye usukani wa watu wawili, ili isitokee hata sekunde moja ambapo kila mmoja anadhani mwenzake ndiye ameshika.

2 Machi

Logibuku ya kwanza imeingizwa yote isipokuwa zile kurasa zilizogandana. Na hesabu imekataa.

Jumla kuu ya ukurasa wa mwisho inazidi jumla ya mihuri yote ya mwezi kwa dakika 10. Nimerudia mara tatu. Nimemwita mwenzangu wa ofisini, naye akapata dakika 10 zilezile. Nimeufuata mwaka mmoja mmoja kurudi nyuma: 1982 iko na kosa, 1980 iko nalo, 1975 iko nalo, mwisho wa 1972 liko. Mwanzo wa 1972 halipo. Kwa hiyo dakika 10 zimeingia ndani ya miezi michache ya 1972, na miezi hiyo, bila shaka, ndiyo iliyo kwenye kurasa zilizogandana.

Binamu yangu anasema dakika 10 ndani ya saa elfu kadhaa si kitu. Yeye hajawahi kukaguliwa.

16 Machi

Mvua. Stima imepotea siku tatu. Faili ya mwisho ilikuwa haijahifadhiwa. Mistari 212 imekwenda na maji, narudia.

30 Machi

Nimeshuka Maragoli kumwona Nyanya. Mawe makubwa ya huku yameoga mvua yakang'aa, na barabara ya kutoka Majengo ina utelezi. Nilibeba logibuku ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya taulo, ndani ya mkoba.

Nilikwenda kwa ajili ya ukurasa mmoja. Mstari wa mwisho wa Bulldog ni wa Ijumaa, 30 Julai 1982, "9, 10, 16", saa moja na dakika 5. Kisha ukurasa mzima mtupu, mistari imechorwa lakini hakuna kitu. Logibuku ya pili inaanzia uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwenye Cessna 150, wanafunzi raia.

Kila Mkenya wa umri fulani anajua Jumapili iliyofuata Ijumaa ile ni ipi. Tarehe 1 Agosti wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali, redio ikatekwa, kufikia mchana jeshi la nchi kavu limeirudisha. Jeshi la anga lilivunjwa mwezi uleule na kuundwa upya kwa jina la 82 Air Force. Jina la zamani lilirudishwa 1994.

Nyanya alikuwa anachambua kunde. Hakuinua kichwa. Alisema Babu alikuwa amekuja likizo ya wikendi kumwona mama yake mgonjwa. Walisikia redioni wakiwa hapa hapa jikoni. Babu alikaa kimya mpaka taarifa iliporudiwa mara ya pili, akaomba maji ya moto, akanyoa ndevu taratibu, akavaa sare yake akapiga pasi mwenyewe kola aliyokuwa ameshaivaa, kwa kuinama. Akaenda kujisalimisha kituoni kabla hajatafutwa. Alirudi baada ya wiki saba.

"Hakuwa amefanya kitu," nikasema.

"Ndiyo maana alirudi."

Nikamwuliza niandikeje. Akafikiri mpaka kunde zikaisha kwenye ungo. "Huo ukurasa mtupu, si umepiga picha? Uweke hivyo hivyo. Yeye mwenyewe aliuacha."

Kwa hiyo ukurasa wa 15 wa kijitabu utakuwa na picha ya ukurasa mtupu. Mchapishaji atadhani ni kosa, itabidi nimwandikie kwenye karatasi ya maelekezo.

Jambo lingine. Nyanya alipokuwa akifunua logibuku, kidole chake kilipita kando ya ukurasa mmoja. "Hizi bado zipo," akasema. Nukta. Nukta ndogo za penseli, pembezoni kushoto, nje ya mstari. Nimepiga picha kurasa zote hizi na kudhani ni uchafu wa nzi.

"Ni za nini?"

"Za watoto wake. Kuna mmoja yuko Kisumu, alikuja mazishini, yule mrefu wa fimbo. Mwulize yeye, mimi sikuwa kule uwanjani."

20 Aprili

Kisumu na kurudi kwa siku moja, kwa njia ya Kericho. Mvua ya mawe ilitupata juu kwenye chai, dereva akaegesha chini ya mti pamoja na lori mbili. Kericho bila mvua ya mawe ingekuwa habari.

Yule wa fimbo, Kapteni, anaishi Riat, juu mlimani, na ukikaa barazani kwake uwanja wa ndege wote uko chini yako, ziwa nyuma yake. Ana miaka zaidi ya 70, fimbo, na suruali yenye mikunjo ya pasi inayoweza kukata mkate. Alinipa kiti kinachotazama uwanja, yeye akakaa akinitazama mimi, ila kila ndege ilipokuja aligeuka. Hakuweza kujizuia.

Kabla ya yote aliniuliza kama najua ni kwa nini Babu alitaka urubani. Sikujua. Kumbe baba yake Babu alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini Kisumu wakati ndege za majini za Imperial Airways zilipokuwa zikitua ziwani, kuanzia 1937, katikati ya safari ya Southampton hadi Durban. Alirudi Maragoli akisimulia mtumbwi uliota mabawa, mkubwa kuliko kanisa, unaoshuka juu ya maji bila kuzama. Kijiji kilimwita mwongo mpaka akafa. "Mwalimu alikuwa akisema alikuja jeshini kumtetea baba yake," Kapteni akacheka mpaka akakohoa.

Nikamwonyesha nukta. Akavaa miwani, akaomba logibuku, akafunua mpaka 1975 kana kwamba ameweka alama pale. Mstari wenye jina lake: Bulldog, "12, 13", dakika 35. Kando yake nukta.

Akaingia ndani, akarudi na logibuku yake mwenyewe. Tarehe ileile. Mstari wa juu: "12, 13", dakika 35, mwalimu na mwanafunzi. Mstari wa chini yake: "14", dakika 10. Kwenye safu ya rubani mkuu, jina lake. Safu ya pili, tupu.

"Sasa tazama kwa mwalimu," akasema. Kwenye logibuku ya Babu, chini ya zile dakika 35, mstari unaofuata ni mwanafunzi mwingine. Zoezi la 14 halipo. Kwenye logibuku nzima ya Babu halipo hata mara moja isipokuwa lake mwenyewe la 1966.

Bila shaka halipo. Alikuwa ameshuka. Rubani huandika muda aliokuwa ndani ya ndege.

Kapteni alinisimulia asubuhi ile kwa mikono zaidi ya maneno. Walikuwa wakiruka mapema, jua likichomoza tu, kwa sababu Eastleigh iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na kufikia adhuhuri hewa imepata joto, imekuwa nyepesi, ndege inahitaji ardhi ndefu zaidi kupaa. Walifanya mizunguko mitatu ya uwanja. Wa tatu alitua kwa kuruka kama chura. Alijua kwamba ataambiwa arudie wiki nzima. Babu akasema, "Simama hapo pembeni." Injini inanguruma bado. Akafungua mikanda yake, akatoka juu ya bawa, kisha akarudi kuinama ndani na kuifunga ile mikanda juu ya kiti kitupu, kipande kwa kipande, akivuta kila kimoja, ili isije ikalegea angani na kunasa usukani wa upande wake. Akachukua muda mrefu kwa hiyo mikanda kuliko kwa maneno. Maneno yalikuwa: "Mzunguko mmoja. Utapanda haraka kuliko ulivyozoea, mimi ni mzito." Akasukuma kifuniko mbele, akagonga kioo mara mbili, akaenda zake kwenye nyasi akiwa na kofia kwapani.

"Hakugeuka nyuma?"

"Hata kidogo. Na ni kweli, ndege iliruka kama imekatwa kamba. Nilikuwa juu kabla sijawa tayari kuwa juu. Nikageuka kulia kumwambia, nikaona mikanda imefungwa vizuri haina mtu. Unajua nilifanya nini? Nilisema kwa sauti, 'Nimechukua.' Hakuna aliyejibu, nami sikuwa na mkono wa kujifuta uso."

Alipogeuza kuja upande wa pili wa uwanja alimwona chini, amesimama kwenye nyasi, mdogo. Akaonyesha kwa ncha ya penseli yangu jinsi alivyokuwa mdogo.

Aliporudi ardhini Babu alimwuliza jambo moja tu: alitazama kipimo cha mafuta mara ngapi.

11 Mei

Nimerudi kwenye picha zote na kuhesabu nukta. Logibuku ya kwanza 46 zinazosomeka. Ya pili, ya Wilson, 29. Mbili zimekwenda na pembe iliyoliwa na mchwa. Najua zilikuwepo kwa sababu mwanafunzi anabadilika ghafla kutoka 12 na 13 kwenda mazoezi ya mbele, nisingeweza kueleza vinginevyo.

Muundo wa kijitabu umebadilika. Nilitaka jalada libebe jumla ya saa. Sasa kurasa za katikati, 12 na 13, zitakuwa tarehe zile zote zenye nukta, bila majina, kwa sababu wengine wako hai na sijawaomba ruhusa. Ndiyo, kurasa za 12 na 13. Imetokea tu hivyo kwa mpangilio wa karatasi, naapa, lakini nimeiacha.

8 Juni

Fundi wa kujalidi vitabu karibu na soko la Nakuru amezifungua zile kurasa. Ilimchukua siku 9. Nilikuwa nimesoma mahali kuhusu mvuke, akanikataza kwa ukali: mvuke utaondoka na wino. Aliweka logibuku ndani ya boksi lenye kitambaa chenye unyevu kidogo, usiku kucha, akaitoa asubuhi, akaingiza kipande cha mwanzi alichokichonga chembamba kama ukucha, akasogea upana wa nusu kidole, akairudisha bokseni. Kila siku hivyo. Shilingi 1,500, na nimemwongeza.

Mistari mingi imepauka lakini inasomeka chini ya taa ya pembeni. Ni 1972, miezi ya kwanza ya Babu kama mwalimu. Nimepitisha kidole mstari kwa mstari.

Mstari wa 17: Bulldog, "12, 13", dakika 40. Nukta, ya kwanza kabisa, na hii imezungushiwa duara. Mstari wa 18: Bulldog ileile, mwanafunzi yuleyule kwenye safu ya pili, jina la Babu kwenye safu ya rubani mkuu, kazi "14", muda dakika 10. Halafu mstari wa wino umekatwa juu yake yote, ulionyooka kwa rula.

Alisahau kwamba alikuwa ameshuka. Mwanafunzi wake wa kwanza yuko juu peke yake, naye amesimama kwenye nyasi, na jioni alipokaa kuandika kitabu akajiandika ndani ya ndege. Kisha akashtuka, akakata.

Alikata mstari, lakini jumla ya chini ya ukurasa alikuwa ameshaipiga. Nimeijumlisha: ina zile dakika 10. Muhuri wa mwezi hauna. Na pembeni mwa jumla, kwa penseli hafifu kiasi kwamba nimelazimika kuinamisha ukurasa mara nne, ameandika "+10". Kwa hiyo alijua. Alijua mwaka uleule, na akaihamisha jumla ileile kwenye ukurasa uliofuata, na uliofuata huo.

Nimempigia Nyanya kumwuliza kuhusu nukta yenye duara, kama mwanafunzi yule anajulikana. Akasema, "Huyo muache." Nimemwacha.

29 Juni

Baba Mdogo amekuja Nakuru mwenyewe kuona nakala ya kwanza kabla haijaenda kuchapishwa. Amesoma yote amesimama, miwani kwenye ncha ya pua. Picha ya jalada ni Bulldog imeegeshwa Eastleigh, kifuniko wazi, kiti cha kulia hakina mtu. Ukurasa wa 3 una masahihisho kuhusu F-5, sentensi mbili tu, nimejitahidi zisimwaibishe. Kwenye ukurasa mtupu aliufunua, akaurudia, hakusema kitu.

Alibaki kwenye ukurasa wa mwisho, palipoandikwa jumla ya saa kama ilivyo kwenye logibuku, kwa sababu nilimwahidi tangu Januari kwamba itakuwepo.

"Hii ni sahihi? Wewe ndiye wa hesabu."

"Imezidi dakika 10."

"Basi punguza."

Nikamfungulia logibuku, nikamwonyesha mstari wa 18, kisha ile "+10". Akainamisha ukurasa kwenye mwanga kama nilivyofanya mimi. Akauliza penseli ile ni ya mwaka gani. Nikamwambia 1972.

Akakifunga kijitabu, akauliza nakala 150 zitatosha au tufanye 200, maana watu wa Kisumu nao watakuja.